Ubeti wa Nyumbani

Kijijini Vilar da Urze shule ilianza saa nane mchana, kwa sababu masomo ya darasa la sita yaliletwa na televisheni, na televisheni haikuwa na desturi ya kuamka mapema. Asubuhi basi ilikuwa ya kazi. Zulmira, binti wa miaka kumi na miwili, aliwakamua mbuzi wawili wa mama yake, akayachuja maziwa, akayapeleka mkahawani kwa Abílio. Hapo aliuliza swali lake la kila siku: je, kuna barua kutoka Ufaransa? Abílio alitikisa kichwa huku akifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.

Baba yake Zulmira, Custódio, alikuwa fundi mwashi huko Ufaransa. Barua hakuzipenda, alipenda simu. Alipiga kila Jumapili baada ya misa, kwenye simu ya mkahawa kwa kuwa nyumbani hawakuwa nayo, na kila Jumapili alikuwa na ahadi mpya. Alikuwa aje Krismasi, theluji ikafunga barabara. Alikuwa aje Agosti, msimamizi akamnyima likizo. Krismasi ya pili gari likafia njiani, Hispania. Zulmira alizipokea sababu zote hizo na kuzitetea mbele ya wenzake kama wakili aliyelipwa vizuri. Safari hii baba alikuwa ameapa: angefika Jumanne ya Kanivali, saa sita mchana, aje amsikie binti yake akisoma wosia wa jogoo.

Kusoma wosia wa jogoo hakukuwa jambo dogo. Kila mwaka, Jumanne hiyo ya Kanivali, siku moja kabla ya Kwaresima, watoto wa shule walimtembeza jogoo mnono juu ya mkokoteni hadi mbele ya kanisa. Kabla hajaingia chunguni, mtoto mmoja alisoma wosia wake kwa mashairi. Jogoo aliwagawia wanakijiji viungo vyake, huyu upanga wa kichwani, yule makucha, na kila zawadi ilikuwa na mwiba ndani yake. Sheria zilikuwa mbili. Aliyetajwa hakuruhusiwa kununa; akinuna, aliwanunulia wote divai. Na msomaji hakuruhusiwa kujipendelea. Ubeti wa mwisho, ulioitwa ubeti wa nyumbani, lazima ugusie watu wa nyumba yake mwenyewe, na hakuna aliyeuona kabla ya siku yenyewe, hata mwalimu.

Mwaka huo alichaguliwa Zulmira, na hakuna aliyeshangaa. Mtoto yule alikuwa na ulimi. Aliweza kumsifu mtu mpaka mtu akaomba asisifiwe tena.

Wiki mbili kabla ya Kanivali, televisheni ya darasani ilifundisha kinaya. Bwana mmoja mwenye tai alieleza kwamba kinaya ni kusema kinyume cha unachomaanisha, kisha akaendelea na mambo mengine. Mwalimu Eulália, mwanamke mfupi aliyevaa koti hata ndani ya nyumba, alisimama akaizima.

"Huyo bwana amewapa ganda akala kokwa," alisema. "Tazameni. Katika hadithi mzee mmoja anawaambia majirani, 'Mwanangu mimi hawezi kuniibia.' Na sisi wasomaji, ukurasa uliotangulia, tumemwona mwanawe akitia ufunguo wa kabati mfukoni. Mzee hajui, sisi tunajua. Mwandishi hajasema neno, lakini ninyi tayari mmeshaelewa dhamira yake: mapenzi humpofusha mzazi. Angeandika hivyo waziwazi, mngepiga miayo."

Zulmira aliyaandika yote daftarini. Kisha akanyoosha mkono akauliza kama basi, katika hadithi ya namna hiyo, anayechekesha zaidi ni yule asiyejua. Mwalimu Eulália alimtazama kwa muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji.

"Hachekeshi, Zulmira," alisema. "Anaumiza."

Na wewe msomaji ujue sasa hivi, usije ukangoja. Agosti iliyopita watu waliorudi kutoka Ufaransa kwa likizo walikuwa wamemwona Custódio huko kwa macho yao. Alikuwa akiishi na mwanamke mwingine, na walikuwa na mtoto wa kiume aliyeanza kutembea. Habari ilifika mkahawani siku ya kwanza, kanisani siku ya pili, na siku ya tatu Idalina, mama yake Zulmira, alikuwa akikamua nguo kisimani bila kumtazama mtu. Idalina aliwaomba watu jambo moja tu, mtoto asiambiwe. Kijiji kile hakijawahi kutunza siri hata ya yai lililovunjika, lakini hiyo kiliitunza. Kijiji kizima kilijua isipokuwa Zulmira.

Zulmira aliandika kwa raha. Abílio, ambaye divai yake ilijulikana kwa kuoga kabla ya kuuzwa, alimpatia ubeti huu:

Abílio naye mwema,
divaiye bila maji,
namwachia koo langu
aisifu kwa wanywaji.

Mwalimu Eulália, aliyepitia beti zote isipokuwa wa nyumbani, alicheka mpaka akavua miwani. Lakini alipofika ubeti wa Bi Felismina kicheko kilikoma. Bi Felismina alikuwa ajuza aliyeishi peke yake karibu na kanisa. Kila Jumamosi alivaa aproni safi, akaketi kwenye benchi la kituo kulingoja basi la kutoka mji wa Guarda, na basi lilipoondoka aliinuka akarudi nyumbani. Watoto walisema anamngoja mwanawe, aliyekwenda Ufaransa miaka mingi iliyopita bila kurudi.

"Huyu mwondoe," mwalimu alisema.

Zulmira aliuliza kwa nini. Kwani si kinaya? Mwalimu alijibu kwamba ni kinaya, tena kimetungwa vizuri, na ndiyo sababu kiondolewe. "Abílio ana divai, ana mkahawa, ana mdomo. Kesho atakujibu. Bi Felismina atakujibu kwa nini? Kinaya kinachompiga aliye chini ni fimbo tu, hata ukikivisha vina na mizani."

Zulmira aliufuta ubeti ule mbele ya mwalimu. Alipofika nyumbani akauandika upya. Moyoni alimwona Bi Felismina kuwa mjinga, na ujinga wake ulimkera kwa namna ambayo hakuweza kuieleza. Mtu mzima gani, alijiuliza, anaweza kudanganywa miaka yote hiyo na bado akafua aproni?

Jumanne ya Kanivali ikafika, na saa sita ikapita. Zulmira alipanda mkokotenini saa tisa, pembeni ya jogoo aliyefungwa utepe mwekundu shingoni, na kila alipogeuza ukurasa alitupa jicho barabarani. Uwanja ulikuwa umejaa. Walikuwepo hata vijana wa kijiji cha ng'ambo ya mto, waliokuja kwa ajili ya nyama na ngoma. Abílio alisikia ubeti wake, akainama mara tatu kama askofu. Watu waliangua kicheko, kikafuatia kingine na kingine, na Zulmira akahisi kwamba uwanja wote uko mkononi mwake. Ndipo akasoma:

Bi Felismina mpendwa,
mwanawe hamsahau,
namwachia macho yangu
aone vumbi walau.

Vijana wa ng'ambo walicheka. Wenyeji wengi walitazama viatu vyao. Bi Felismina, aliyekuwa amesimama mstari wa mbele, aliinamisha kichwa kama sheria ilivyotaka, hakununa. Mwalimu Eulália alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Zulmira aliona kwamba kicheko kimepungua, akajua dawa yake. Ubeti wa nyumbani alikuwa ameutunga kwa mapenzi, na humo hakutia mwiba hata mmoja. Wengine hutumia ubeti huo kumcheka shangazi mlafi au babu anayekoroma. Yeye alitaka kijiji kijue tofauti kati ya wana wa watu wengine na baba yake. Alikunja karatasi kwa kuwa aliujua kwa moyo, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye mnara wa kengele:

Na babangu Custódio,
asiyevunja ahadi,
sauti ninamwachia,
afikaye kwa miadi.

Hakuna aliyecheka. Uwanja ulinyamaza hivi kwamba jogoo alisikika akikwaruza mbao za mkokoteni. Kisha kijana mmoja wa ng'ambo ya mto, aliyekuwa ameisikia habari ya Custódio kama wengine na hakujua kwamba mtoto hajaambiwa, akapiga mluzi wa kustaajabu.

"Huyu binti hatari," alimwambia mwenzake, na sauti yake ikasikika kila pembe. "Kamchana baba yake mchana kweupe, na wala hajacheka."

Zulmira alimtazama bila kuelewa. Alitaka kumwambia kwamba ubeti huo haukuwa wa mzaha, kwamba alimaanisha kila neno. Akamtafuta mama yake katika umati, akamwona mgongo wake tu, akipasua njia kati ya watu, shela imemshuka begani. Ndipo mtu mmoja akaanza kupiga makofi, polepole, peke yake, kama mtu anayewafukuza ndege shambani. Alikuwa Bi Felismina. Alipiga mpaka wengine wakaona aibu, wakamfuata, na wapiga ngoma wakakumbuka kazi yao.

Nyumbani Zulmira alimkuta mama yake ameketi jikoni na shela bado mwilini. Idalina alimwambia yote, kwa maneno machache, akitazama meko. Zulmira aliuliza swali moja tu kuhusu baba yake: tangu lini? Maswali mengine yote yalikuwa kuhusu watu. Abílio anajua? Anajua. Padri? Naye. Watoto wa darasani?

"Wengi wao," mama alisema.

"Na Bi Felismina?"

"Bi Felismina ndiye aliyekuwa akiwakatiza maneno wanawake kisimani ukitokea wewe."

Zulmira alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Alimchukia baba, akamchukia mama, akakichukia kijiji kilichomtazama akipanda mkokoteni. Lakini uchungu uliomkaba zaidi ulikuwa wa ubeti wake mwenyewe. Nyani haoni kundule. Methali hiyo alikuwa amewatupia wenzake mara ngapi, akidhani imetungwa kwa ajili yao.

Alhamisi, mwalimu Eulália aliwaruhusu wengine mapema akambakisha yeye. Hakumkemea kwa kuurudisha ubeti aliokatazwa, ingawa Zulmira alikuwa amejiandaa kukemewa. Alimuuliza wosia wake ulihusu nini.

"Watu wanaojidanganya," Zulmira alisema.

"Basi ulifaulu," mwalimu alisema. "Nimefundisha miaka ishirini na sita, sijasikia dhamira hiyo ikitolewa vizuri hivyo. Ungesema tu kwamba watu hujidanganya, wangetikisa vichwa wakaenda kula. Wewe ulisimama ukajidanganya mbele yao, kwa moyo safi, na hakuna aliyekuwepo atakayesahau. Hiyo ndiyo kazi ya kinaya. Hakitangazi dhamira. Humweka mtu asiyejua mbele ya watu wanaojua, na dhamira ikawachoma wenyewe."

"Lakini mimi sikuwa katika hadithi, mwalimu."

"Ndiyo makosa yetu." Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti. "Katika kitabu mhusika haumii, ni wino. Sisi tulimfanya mtoto kuwa mhusika, tukakaa kimya kama wasomaji, na mimi nikiwa wa kwanza. Nisamehe. Na wewe pia unaye mtu wa kumwomba radhi."

Jumamosi Zulmira alikwenda kituoni. Bi Felismina alikuwa pale pale, aproni imepigwa pasi. Zulmira alisimama mbele yake, mikono nyuma.

"Naomba baraka zako, bibi."

"Mungu akubariki. Keti, unanizibia jua."

Aliketi. Maneno aliyoyapanga njia nzima yalimkimbia, akabaki na neno moja, kwamba asamehewe. Bi Felismina alisema amemsamehe tangu Jumanne, kwa kuwa mtu hawezi kumwekea kinyongo mtoto anayejikata kwa kisu chake mwenyewe. Kisha akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Hivi mnadhani namngoja mwanangu?"

Zulmira aligeuka kumtazama.

"Mwanangu haji. Aliandika mwenyewe, miaka tisa sasa, mwalimu wako ndiye aliyenisomea. Ana mambo yake huko. Mimi nakuja hapa kwa sababu nyumbani kuna kuta nne, na hapa kuna watu wanaoshuka. Dereva ananisalimu. Mara nyingine ananiletea gazeti, nawashia moto." Alinyoosha aproni magotini. "Mjini huko wana sinema. Mimi nina basi."

Basi likaja, likashusha watu wawili na gunia la mbegu, likaondoka. Walilitazama mpaka likapinda. Zulmira alikuwa akifikiri kwamba kati yao wawili, miaka yote hiyo, aliyekuwa akingoja kweli alikuwa yeye. Hakulisema, na Bi Felismina hakuwa na haja ya kuambiwa.

Jumapili baada ya misa simu ya mkahawa ililia. Wanaume walikuwa mezani wakicheza karata. Ghafla kila mmoja akawa anazitazama karata zake kama mtihani. Idalina alisimama karibu na mlango. Abílio alimpa Zulmira mkono wa simu bila kumtazama usoni.

Kwa siku nne Zulmira alikuwa ameunoa usemi wa kumjibu baba yake. Ulikuwa na sifa tupu ndani yake, shukrani kwa uaminifu wake, pongezi kwa gari lake linalojua kufa kwa wakati. Ungekuwa ubeti mkali kuliko yote aliyowahi kutunga. Aliposikia sauti ya baba, yenye furaha na haraka kama kawaida, ikiomba radhi kwamba msimamizi alimzuia na ikimuuliza wosia ulikwendaje, usemi wote ule ulimpotea kichwani.

"Walicheka, mwanangu?" baba aliuliza.

"Walicheka, baba. Mpaka nilipofika kwako."

Baba akauliza, kwa sauti ya chini, nani aliyemwambia.

"Hakuna. Niliwasomea mwenyewe kwamba huvunji ahadi. Wao ndio walikuwa wanajua."

"Sikiliza, Zulmira. Pasaka nita—"

"Usiniambie Pasaka, baba."

Karata hazikusogea mezani. Custódio alipumua mara kadhaa.

"Haya," alisema mwishoni. "Pasaka siji."

Lilikuwa neno la kwanza la kweli kumtoka kwa miaka miwili, na Zulmira aliliona chungu kuliko uongo wote alioumeza kabla yake. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza, hakuwa na haja ya kumtetea. Aliuliza mtoto anaitwa nani. Baba akajibu kwamba anaitwa Luciano. Zulmira alisema sawa, akamrudishia Abílio simu, na machozi yalipomjia hakuyaficha, maana mle ndani hapakuwa na mtu wa kufichwa jambo lolote tena.

Njiani kurudi nyumbani Idalina alimshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Zulmira alipokuwa mdogo wa kuvushwa mto. Walipofika kwenye uzio wa mbuzi, akasema.

"Nilidhani nakukinga. Ukweli ungekuumiza mara moja, mimi nikauacha uongo ukuumize kila Jumapili. Usinifuate katika hilo. Lenye kuuma mwambie mtu wako waziwazi, kwa upole, wala usimzungushie maneno. Kinaya kiache vitabuni, huko kina kazi nzuri. Na siku ukijikuta unamcheka mwenzako kwamba haoni, papasa macho yako kwanza."

Zulmira alisema amesikia. Jumapili iliyofuata, misa ilipokwisha, walipita mbele ya mkahawa bila kuingia.